Kazi ya Maktaba Tabora: Mwongozo Kamili wa Kuipata na Kukua Nayo

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, huwa napata wageni wa aina moja. Wanaingia maktaba, wanazunguka rafu mbili tatu bila kuchukua kitabu, kisha wanasogea kaunta na kuuliza kwa sauti ya chini: "Dada, samahani, hii kazi yako mtu anaipataje?" Wengine si wa kidato cha nne. Ni wahitimu wa stashahada waliokaa nyumbani Isevya au Cheyo miaka miwili wakisubiri tangazo. Swali hilo nimelijibu kwa vipande vipande, dakika kumi huku nagonga muhuri, dakika tano huku natafuta kitabu cha mtu mwingine. Leo nalijibu lote kwa mkupuo.

Nianze na jambo ninaloliamini kuliko mengine yote. Mkoa huu una vitabu vingi visivyo na mtunzaji, na una matangazo machache mno yenye neno "mkutubi", yaani mtunza maktaba. Ukikaa kusubiri tangazo utasubiri sana. Ukianza na vitabu visivyo na mtunzaji, tangazo likija litakukuta una la kusema. Karibu kila hatua ninayoieleza hapa inatokana na hilo.

Ijue kazi kabla ya kuitafuta

Wengi wanaokuja kuniuliza husema wanapenda kusoma. Ni jambo jema, lakini siku nzima ya mkutubi inaweza kupita bila yeye kusoma ukurasa mmoja. Unapokea vitabu, unavisajili, unaviainisha, unavipandisha rafu, unavitafuta vilipopotea, unamfuatilia aliyeazima tangu Machi na sasa ni Julai. Vumbi la kiangazi cha Tabora linaingia kila mahali, na ukilidharau linakula jalada. Kubwa zaidi, unahudumia watu. Anakuja mwanafunzi anataka "kile kitabu chekundu cha mwaka jana". Anakuja mzee anataka kujua haki zake kwenye shamba la mirathi, na aibu inamfanya asiseme wazi anachokitaka. Kumuuliza mtu taratibu mpaka ujue anachokihitaji ndiyo sehemu ya kazi inayonifurahisha hadi leo, na ndiyo itakayokuchosha upesi kama hupendi watu.

Kama hujawahi kukaa ndani ya maktaba, nenda Maktaba ya Mkoa, keti pale siku tatu, tazama watumishi wanachofanya. Siku tatu hizo hazigharimu kitu kikubwa, na zimewahi kumwokoa mtu miaka mitatu ya chuo.

Kazi zenyewe ziko wapi

Mwajiri anayejulikana zaidi ni Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, kisha ikaundwa upya kwa Sheria Na. 6 ya 1975. Bodi ndiyo inayoendesha Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam na maktaba za mikoa, ikiwemo yetu na ile ya Kigoma. Ndiyo inayotoa namba za ISBN, zinazotambulisha kila kitabu, kwa wachapishaji wa nchini, na ndiyo yenye chuo cha ukutubi Bagamoyo. Yajue haya mapema kwa sababu utaulizwa kwenye usaili. Jua pia kwamba mkuu wa maktaba ya mkoa hana mamlaka ya kukuajiri, ajira za serikali zina njia yake nitakayoieleza mbele. Usimwendee na bahasha ya kuomba kazi. Mwendee na barua ya kuomba mafunzo kwa vitendo, hapo ana la kukusaidia.

Sasa zunguka mji. Tabora ni mji wa vyuo, jambo ambalo wenyeji tumelizoea mpaka hatulioni. Kuna Chuo cha Ualimu, Chuo cha Ardhi, chuo cha reli, Chuo cha Nyuki, Chuo cha Utumishi wa Umma kampasi ya Tabora ambacho wazee bado wanakiita Chuo cha Uhazili, kuna AMUCTA upande wa chuo kikuu, na vyuo vya afya. Chuo kinachotaka usajili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, hukaguliwa, na maktaba ni miongoni mwa vitu vinavyotazamwa. Kwa hiyo kila chuo lazima kiwe na chumba kinachoitwa maktaba, na mara nyingi chumba hicho kinasimamiwa na mtu ambaye hakusomea ukutubi. Hapo ndipo pa kuangalia.

Mahakama Kuu Kanda ya Tabora ina vitabu vya sheria na majalada. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi kina taarifa za miaka mingi ambazo mkulima wa tumbaku au mahindi hawezi kuzifikia bila mtu wa kumtafutia. Hospitali ya Kitete ina kumbukumbu za wagonjwa, ingawa kumbukumbu za afya zina mafunzo yake, usizichanganye na maktaba. Kila halmashauri, kuanzia Nzega na Igunga hadi Urambo, Kaliua na Sikonge, ina masjala, ofisi ya kutunza majalada. Kwenye matangazo ya serikali kazi ya masjala inaitwa "Msaidizi wa Kumbukumbu Daraja la II", na hutangazwa mara nyingi kuliko kazi ya mkutubi. Nawajua wakutubi wazuri walioingilia mlango huo. Aliye Kigoma naye afanye hesabu hiyohiyo: maktaba ya mkoa, vyuo vya ualimu Kasulu, kituo cha utafiti wa uvuvi pale ziwani, mahakama, halmashauri.

Halafu kuna shule binafsi. Hizi huajiri zenyewe, hazipiti Sekretarieti ya Ajira ya serikali, na kwa kijana asiye na uzoefu ndizo zinazofunguka mapema. Mwaka wa masomo unaanza Januari, kwa hiyo barua yako iwe imefika mezani kwa meneja wa shule Oktoba au Novemba. Ukipeleka Februari utakuta bajeti imekwisha.

Masomo: usome nini, na wapi

Njia ya kawaida ni astashahada kwanza. Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka cha Bagamoyo, ambacho wengi wanakiita SLADS, kilianzishwa mwaka 1989 na kinafundisha ngazi ya astashahada hadi stashahada. Sifa ya kuingia astashahada ni ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, masomo ya dini hayahesabiwi. Astashahada ni mwaka mmoja, ukiongeza miwili unapata stashahada. Aliyemaliza kidato cha sita akiwa na angalau "principal" moja na "subsidiary" moja anaweza kuanza moja kwa moja stashahada.

Bagamoyo ni mbali. Kwa reli tu, Tabora hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na bado hujafika. Familia isiyoweza kubeba nauli, pango na chakula huko pwani isikate tamaa, kwa sababu Chuo cha Utumishi wa Umma hapahapa Tabora kinafundisha utunzaji wa kumbukumbu. Ukiishi nyumbani, unakula nyumbani, unatembea kwenda darasani. Kumbukumbu na ukutubi ni ndugu wa tumbo moja: kote unajifunza kupokea, kusajili, kupanga, kutafuta na kulinda. Baadaye unaweza kuhamia upande wa maktaba kwa shahada au kwa mafunzo ya ziada.

Kwa shahada, Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro kina kozi za taarifa na kumbukumbu, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho wengi wanachokwenda kwa shahada ya uzamili ya fani hii. Kabla ya kulipa ada popote, fungua mwongozo wa udahili wa mwaka huo wa NACTVET au wa TCU, tume ya vyuo vikuu, uhakikishe kozi yenyewe imo. Usitegemee kipeperushi ulichopewa stendi.

Ushauri wangu kwa mwenye ufaulu wa kawaida na mfuko wa kawaida ni huu: soma astashahada, fanya kazi, kisha rudi. Wanafunzi bora niliowapokea kwenye mafunzo kwa vitendo ni wale waliokwisha kushika rejista ya vitabu kabla ya kusoma nadharia yake.

Rafu kabla ya barua

Sehemu hii naomba uisome polepole, kwa sababu ndiyo inayotenganisha anayepata na anayekosa.

Shule nyingi za mkoa huu zina vitabu kwenye maboksi. Vingine vya serikali, vingine zawadi, vimerundikwa stoo au chini ya ngazi kwa kukosa mtu wa kuvifungua. Tafuta shule moja karibu na unapoishi. Mwandikie mkuu wa shule barua ya ukurasa mmoja: wewe ni nani, umesoma nini, unaomba kupanga vitabu vya shule siku ngapi kwa juma, kwa muda wa miezi mingapi, na utakachokiacha ukimaliza. Usiseme "naomba kujitolea" ukaishia hapo. Sema: "Baada ya miezi mitatu shule itakuwa na rejista kamili ya vitabu na utaratibu wa kuazimisha." Mkuu wa shule anajua mkaguzi atakuja. Hiyo sentensi ataielewa.

Kabla hujagusa boksi, omba barua ya kukubaliwa yenye tarehe, muhuri na sahihi. Hili nalisema kwa uchungu. Nilipokuwa kijana nilijitolea miezi 14 katika taasisi moja ya mkoa huu. Nilipoomba barua ya uthibitisho niliambiwa hakuna kumbukumbu yoyote inayoonyesha niliwahi kuwa pale. Miezi 14 ya maisha yangu ikawa hadithi ya mdomo. Wewe omba barua siku ya kwanza, na omba nyingine siku ya mwisho.

Kazi yenyewe ifanye kwa mpangilio huu.

Toa vitabu vyote nje ya maboksi, uvifute vumbi kwa kitambaa kikavu, uvitenge mafungu: vizima, vinavyohitaji gundi na uzi, vya mtaala uliopita, na vilivyoliwa. Usitupe hata kimoja. Vitabu vya shule ya serikali ni mali ya umma, na kuviondoa kuna taratibu zake. Vya kuondolewa viandikie orodha, umkabidhi mkuu wa shule aamue.

Fungua rejista. Daftari kubwa la kaunta linatosha. Chora safu: tarehe, namba ya usajili, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, kilikotoka, bei kama inajulikana, maoni. Kila nakala ina namba yake. Kama kuna nakala 40 za kitabu kimoja cha Fizikia, hizo ni namba 40, si moja. Kosa hili nimelikuta mahali pengi. Nakala zikianza kupotea, hakuna anayeweza kusema ni ipi iliyopotea na nani aliichukua.

Gonga muhuri ukurasa wa jina la kitabu, na ukurasa mmoja wa siri unaouchagua wewe, labda wa 21, kwenye kila kitabu. Mtu akichana ukurasa wa mbele, ule wa siri unabaki shahidi.

Ainisha. Mfumo unaotumika sana hapa nchini ni Dewey, uliochapishwa kwanza mwaka 1876, unaogawa maarifa katika makundi kumi kuanzia 000 hadi 900. Jifunze kwa vitabu vya nyumbani. Ufugaji nyuki ni 638.1. Tumbaku ni 633.71. Lugha ya Kiswahili ni 496.392, na fasihi yake ni 896.392. Historia ya Tanzania ni 967.8. Ukishaona kwamba asali na tumbaku zote zimo kwenye 630 kwa kuwa zote ni kilimo, mfumo unaanza kukaa kichwani bila kukariri. Kwa shule ndogo tarakimu tatu na desimali moja au mbili zinatosha. Namba ndefu kupita kiasi inamchosha mtoto anayetafuta kitabu.

Bandika lebo kwenye mgongo wa kitabu, zote kwa kimo kimoja kutoka chini. Kata kipande cha kadi cha sentimita 3 kiwe kipimo chako. Lebo zilizopanda na kushuka zinaumiza macho ya anayetafuta.

Sasa adui. Mchwa wa Tabora anakula maktaba nzima wakati wewe uko likizo. Usiache boksi hata moja sakafuni. Rafu zisiguse ukuta, acha nafasi ya kiganja ili uweze kuona njia yake ya udongo inapoanza kupanda. Kagua kila juma, na zaidi sana kabla ya mvua za Novemba. Dirisha lisilo na kioo lizibwe kabla ya rafu kukaa chini yake. Hakuna chuo kilichonifundisha hili, nilifundishwa na vitabu nilivyovipoteza.

Anzisha kuazimisha hata kama una daftari tu: jina, darasa, namba ya kitabu, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi. Kila Ijumaa hesabu vilivyotoka kwa kila darasa. Kama una nafasi, tumia tarehe 23 Aprili, siku ya vitabu duniani, au tarehe 8 Septemba, siku ya kusoma na kuandika, kuwafanya wanafunzi wasome kwa sauti mbele ya wenzao. Mkuu wa shule atakukumbuka kwa siku hiyo kuliko kwa rejista, ingawa rejista ndiyo kazi.

Mwisho andika taarifa ya kurasa mbili: ulikuta nini, ulifanya nini, vitabu vingapi vimesajiliwa, vimeazimwa vingapi kwa mwezi, vilivyopotea ni vingapi, na nini kifanyike baadaye. Weka picha mbili za chumba, kabla na baada. Usipige nyuso za watoto bila idhini, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mkutubi anapaswa kuwa wa kwanza kuiheshimu. Nakala moja ya taarifa ibaki shuleni, moja iwe yako. Hiyo ndiyo karatasi itakayokufungulia milango, kuliko cheti.

Kompyuta

Hamisha rejista yako kwenye Excel, safu zilezile. Ukishaweza hapo, jifunze Koha, programu ya maktaba isiyolipiwa iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000, na ambayo vyuo vingi vya hapa nchini vinaitumia. Inakaa kwenye kompyuta yenye Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta. Kompyuta kuukuu ya mkononi inatosha kujifunzia. Ndani yake utakutana na namba za MARC, zinazoonyesha kila taarifa ya kitabu inaingia wapi: 020 ni ISBN, 082 ni namba ya Dewey, 100 ni mwandishi, 245 ni jina la kitabu, 650 ni mada. Kariri hizi tano kwanza. Msailiwa anayeweza kusema "mwandishi anaingia 100, jina la kitabu linaingia 245" anasikika kama mtu aliyewahi kushika kazi.

Jua pia vilipo vitu vya bure: Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania kwa vitabu vya kiada, TanzLII kwa hukumu na sheria, na Research4Life kwa majarida ya afya na kilimo, ambayo taasisi za Tanzania zinaweza kujisajili.

Nyaraka na maombi

Ajira za serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hutumwa kwenye Ajira Portal. Andaa haya kabla tangazo halijatoka: namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na sita, vyeti vya chuo pamoja na matokeo yake, picha ya pasipoti, wasifu wenye wadhamini watatu wanaopokea simu, na barua ya maombi iliyosainiwa. Nakala zithibitishwe na wakili. Hati ya matokeo ya muda haikubaliwi, cheti chenyewe ndicho kinachotakiwa. Kama jina la cheti cha kuzaliwa linatofautiana na la cheti cha shule hata kwa herufi moja, anza kushughulikia hati ya kiapo leo. Kwa kawaida umri usizidi miaka 45.

Wengi wetu tunatuma maombi steshenari. Ni sawa, lakini fungua akaunti kwa barua pepe yako na namba yako ya simu, na nywila uijue wewe. Nimeona kijana aliyeitwa usaili akakosa kwa sababu ujumbe ulikwenda kwenye barua pepe ya mwenye duka ambaye alikuwa amehama mji. Jaza pia mkoa unakoishi kwa ukweli, kwa sababu usaili wa kuandika umekuwa ukifanyikia mikoani kulingana na anwani aliyoijaza mwombaji. Na mtu yeyote akikuomba pesa ili jina lako lipite, ondoka. Maombi hayalipiwi.

Wasifu wako uonyeshe kazi. Badala ya kuandika "nina uwezo wa kufanya kazi kwenye mazingira magumu", andika kitu kama: "Nilisajili na kuainisha vitabu 1,240 vya shule ya sekondari kwa miezi mitatu, nikaanzisha daftari la kuazimisha na kuwafundisha wanafunzi sita kulitumia." Ukurasa mmoja, miwili ukizidi. Barua kwa shule binafsi ipeleke mwenyewe kwa mkono, asubuhi, na umuulize katibu muhtasi jina na cheo cha anayepaswa kuandikiwa.

Wahitimu wanaweza pia kuomba nafasi za mafunzo ya uzoefu kazini kupitia huduma za ajira za serikali. Ukipangiwa taasisi yenye masjala iliyovurugika, furahi.

Usaili

Kuna wa mchujo, ambao ni wa kuandika, na wa mahojiano. Kwa mchujo rudia misingi: tofauti ya kuainisha na kuorodhesha, aina za maktaba, vyanzo vya marejeo, sheria tano za ukutubi za Ranganathan, mtaalamu wa maktaba wa India, za mwaka 1931, Sheria ya Hakimiliki ya 1999, na kwa wa masjala, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002. Kuainisha ni kumpa kitabu mahali pake kwa mada, kuorodhesha ni kukieleza ili msomaji akitambue na kukipata. Jifunze kulisema hilo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza bila kusita, maana hujui watakuuliza kwa lugha gani.

Kwenye mahojiano utapewa mkasa. Mathalani, mwanafunzi amechana kurasa za kitabu cha pekee, utafanyaje? Usikimbilie adhabu. Eleza kwamba utamsikiliza, utaandika tukio, utafuata kanuni za maktaba kuhusu fidia, halafu utajiuliza kwa nini alichana. Pengine hakukuwa na huduma ya kutoa nakala, na kitabu kilikuwa hakiazimishwi. Au unapewa milioni moja ya vitabu, utanunua nini? Jibu zuri linaanza na daftari la kuazimisha na maswali ya wasomaji, ndipo linafika dukani. Hapa wale waliopanga rafu kabla ya barua huzungumza kwa mifano yao wenyewe, na wasaili huinua vichwa kutoka kwenye karatasi.

Ukifaulu lakini nafasi zikajaa, jina lako linaweza kuwekwa kwenye kanzidata na ukapangiwa kituo baadaye. Usibadilishe namba ya simu.

Ukishaajiriwa

Shule au chuo binafsi kikikupokea, dai mkataba wa maandishi. Uwe na cheo chako, mshahara, saa za kazi, likizo ya mwaka isiyopungua siku 28, na mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara. Baada ya miezi mitatu hakikisha mwenyewe NSSF kwamba mchango unaingia. Cheo kiandikwe "mkutubi" au "mkutubi msaidizi". Ukiandikwa "mhudumu wa ofisi" huku unafanya kazi ya maktaba, miaka mitano baadaye uzoefu wako hautahesabiwa.

Mwezi wa kwanza usibadilishe chochote. Hesabu vitabu, linganisha na rejista, tazama nani anaingia na nani haingii. Chuo kimoja nilichokisaidia kilikuwa na maktaba inayofungwa saa 9:30 alasiri, wakati wanafunzi wanatoka darasani saa 10:00. Tulisogeza muda wa kufunga, na wasomaji wakaongezeka bila kununuliwa kitabu hata kimoja.

Kupanda ngazi serikalini kunatokana na elimu, muda na tathmini ya utendaji: daraja la pili, la kwanza, mwandamizi, mkuu. Vyuo vikuu vina njia nyingine, ile ya kitaaluma, ambapo mkutubi hufundisha na kuandika makala za utafiti. Huko utahitaji uzamili, na GPA ya shahada ya kwanza kwa kawaida huanzia 3.8. Kwa hiyo anayejiona huko asiache alama zishuke mwaka wa kwanza. Jiunge na Chama cha Wakutubi Tanzania. Ada yake itarudi kwa namna ya mikutano na majina ya watu wa kuwapigia unapokwama.

Chagua pia kitu kimoja ukijue kwa undani. Aliye karibu na mahakama ajue kutafuta hukumu. Aliye Chuo cha Nyuki au Tumbi ajue majarida ya kilimo, na awe ndiye aliyeisajili taasisi yake Research4Life. Aliye shule ya msingi ajue kumsomea mtoto hadithi mpaka darasa litulie. Mkutubi mwenye kitu chake hutafutwa, na mji wetu ni mdogo, habari husambaa.

Siku utakapohama kituo, makabidhiano yafanyike kwa maandishi: rejista ya usajili, daftari la kuazimisha lenye orodha ya vitabu vilivyo nje na majina ya walio navyo, nywila za Koha, muhuri, funguo, na namba ya ule ukurasa wa siri. Msaini wote wawili, wewe na anayekupokea, na nakala yako uiweke pamoja na ile taarifa ya kurasa mbili ya shule yako ya kwanza.